Wenzetu na Wenzetu Wale

Ukiwa katibu wa chama cha kufa na kuzikana, kuzika si kazi yako. Wachimba kaburi wapo, waosha maiti wapo, wapishi ndio usiseme. Kazi yako ni daftari: nani yumo, nani hayumo, nani alikuwemo akatoka kimyakimya, nani anaapa yumo na ada ya mwaka jana hajalipa. Kazi hiyo nimeishika hapa Mwanga, Kigoma mjini, tangu chama chetu kilipokuwa watu wachache na turubai la kuazima. Na kama kuna jambo daftari limenisomesha, ni maneno ambayo watu huyatumia kusema huyu ni wetu na yule si wetu. Ni mengi, yanafanana kwa sura, na hayatulii mahali pamoja. Uliyemwita mwenyeji asubuhi penye kuchanga, jioni penye kugawana unaweza kumkuta ameshakuwa wa kuja.

Nianze na mimi, maana hata mimi kujieleza kwangu ni kibarua. Marehemu baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa huku na kazi ya reli. Mama ni wa Ujiji, Mmanyema kwa baba na kwa mama. Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, nimeoa hapa, na mke wangu ni Muha wa Kasulu. Sasa mtu akiniuliza "Kwenu wapi?" lazima nivute pumzi kwanza, kwa sababu swali hilo haliulizi unalala wapi. La kulala ni "Unakaa wapi?" Hili la kwenu linauliza kwa baba yako, na ndani yake linauliza alikozikwa babu yako. Kwa hesabu hiyo kwetu ni Tabora, mji ambao nikishuka stesheni lazima niulize njia. Baba wadogo wananipokea vizuri sana, wananichinjia kuku, halafu wananitambulisha kwa majirani: "Huyu kijana wetu, Muha huyu." Kwao kila anayetoka mwisho wa reli ni Muha. Nikirudi Kigoma, mashemeji zangu, ambao ndio Waha wenyewe, wananiita Mnyamwezi. Wajomba wa Ujiji walishalimaliza shauri zamani: mimi ni mtoto wa reli.

Jina hilo silichukii. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ilipofika ilikuja na watu wake. Utotoni kwetu, kwenye kota, tulikaa na Wagogo, Wahaya, Wanyasa, Waluguru, na mtu mpya akihamia jambo la kwanza kuulizwa lilikuwa idara. Yuko karakana? Yuko stesheni? Yuko kwenye gengi la njia? Kabila lilikuja baadaye, mara nyingi siku ya msiba au ya posa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na reli ikawa ya Tanzania peke yake, baba aliendelea kusema "sisi wa Ist Afrika" hadi anastaafu. Jumuiya ilikwisha, sare zikabadilika, ile "sisi" ikabaki mdomoni mwake. Alikuwa akiwazungumzia mafundi wa Nairobi na madereva wa Kampala kama mtu anayewazungumzia ndugu wa tumbo moja waliochelewa kurudi sokoni.

Ujiji ndiko mambo yalikokuwa mazito zaidi. Bibi, mzaa mama, alikuwa na neno lake: "Sisi waungwana." Leo ukisema fulani ni muungwana unasifu tabia yake, analipa madeni, anaomba radhi, hapandishi sauti. Bibi hakuwa akisifu tabia ya mtu. Alikuwa akitaja kundi. Enzi za misafara, Ujiji ndiko njia kuu iliyotoka Bagamoyo ikapitia Tabora ilikogonga ziwa. Hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na hiyo kila mtoto wa shule ameimbishwa. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwamba watu waliowabebea mizigo hao wageni nao walikuwa na jina lao. Walijiita waungwana, na Stanley katika maandishi yake akawaita hivyo hivyo, Wangwana. Muungwana alikuwa mtu huru, Mwislamu, msema Kiswahili, mvaa kanzu. Kinyume chake alikuwa mtumwa, na pembeni alikuwepo mshenzi, yaani mtu wa bara aliyehesabiwa kuwa hajastaarabika.

Sasa tazama ajabu yake. Wengi waliokuja kujiita waungwana pale Ujiji walivushwa ziwa wakiwa mateka, au wafuasi wa wafanyabiashara ya pembe na watumwa. Hawakuzaliwa ndani ya neno hilo. Waliliingia, kwa kusilimu, kwa kubadili lugha, kwa mavazi, kwa jinsi ya kumsitiri maiti na kumsomea. Na aliyekwisha kuingia, mara nyingi ndiye alikuwa wa kwanza kumwita mwingine mshenzi. Bibi hakupenda nimuulize mama wa mama yake alivukaje ziwa. "Alivuka kwa mtumbwi," alinijibu, "ulitaka avuke kwa miguu?"

Jina la Manyema lenyewe lina safari yake. Ng'ambo ya ziwa, Manyema ni nchi, na ndani yake wamo Wakusu, Wabangubangu na wengineo, kila mmoja na lugha yake na wazee wake. Walipofika upande huu jina moja likawafunika, na mle mle ndani ya jina hilo wakazikana na kuozeshana. Hadi Dar es Salaam, Kariakoo, kuna msikiti unaoitwa wa Manyema. Bibi alikuwa Mmanyema bila shaka yoyote, lakini ukimwita Mkongo ulikuwa umeanzisha ugomvi. "Kongo ni mambo ya Wabelgiji," alikuwa akisema. "Sisi tulikuwa hapa Wabelgiji hawajaja." Katika hilo alikuwa sahihi kuliko wengi waliokuwa wakimcheka, maana Wabelgiji walikuja kweli: waliuteka mji huu mwaka 1916 kutoka kwa Wajerumani na wakakaa hadi 1921 walipowaachia Waingereza. Mama yake aliwaona askari wao kwa macho.

Na Waha, wenye nchi? Bibi aliwaita "watu wa milimani", akiinua kidevu kuelekea huko Kasulu. Nao Waha kwa upande wao walituona watu wa kuja, tuliotapikwa na ziwa. Kila upande ulikuwa na neno la kujipandisha na neno la kumshusha mwenzake, na sokoni wote walinunua dagaa wale wale. Nilipokwenda kufanya kazi Dar es Salaam nikiwa kijana, nilikuta neno jingine la fahari la bibi, Mswahili, limekuwa tusi. "Acha Uswahili wako" maana yake acha ujanja, acha maneno mengi. Na huko huko Dar nikakuta pia kwamba Muha, Mmanyema na Mbembe, ambao hapa kila mmoja ana kona yake ya mji, wote ni "watu wa Kigoma", wanatafutana, wanakopeshana nauli, wanachangiana harusi. Ukiwa mbali na nyumbani, kundi linapanuka lenyewe.

Kuna neno moja la kundi ambalo sijapata kusikia mtu akijivunia nalo. Kigoma ilikuwa mkoa wa kutoa vibarua. Wakati wa Waingereza, wenye mashamba ya katani walianzisha shirika lao la kuajiri wafanyakazi, SILABU, mwaka 1944, na Waha wengi kutoka Kasulu na Kibondo walisombwa kwenda Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba. Tulikuwa na mzee mmoja katika chama, sasa marehemu, aliyewahi kukata mkonge huko. Nilipokuwa naorodhesha wanachama nikampa kila mtu namba ya uanachama, maana mweka hazina alitaka risiti zifuatane. Mzee akaangalia kitabu chake kidogo, akakirudisha mezani.

"Hii ya nini?"

"Namba yako ya uanachama, mzee wangu."

"Mimi unamba nilishaumaliza. Andika jina."

Nikaandika jina. Hadi leo safu ile ya daftari, mbele ya jina lake, haina kitu, na risiti zake zote zina jina tu. Mweka hazina alilalamika, kisha akazoea.

Pale tulipoumana kweli ilikuwa kwenye katiba. Chama kikitaka kusajiliwa na kufungua akaunti benki lazima kiwe na katiba, na katiba lazima iwe na kifungu cha uanachama. Tulidhani kifungu hicho kitatuchukua muda mfupi, vita vitakuja kwenye viwango vya rambirambi. Ikawa kinyume. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, Muha wa Heru Juu, alifungua kikao kwa salamu yake ya siku zote, "Mwakeye!", akasoma rasimu: "Mwanachama atakuwa mwenyeji wa mtaa huu."

Bi Mkubwa mmoja, anayefanya biashara ya dagaa Kibirizi, akanyoosha mkono kabla hajamaliza. Mama huyu nyumba hana, amepanga kwa watu tangu alipofiwa na mumewe.

"Mwalimu, mwenyeji ndiye nani? Mwenye nyumba?"

"Hapana, mama. Mwenyeji ni mtu wa hapa."

"Mtu wa hapa ndiye nani?"

Kicheko. Lakini swali lilikuwa limekaa. Mwenyeji, ukilitazama, ni mwenye mgeni. Bila mgeni hakuna mwenyeji. Mtu akikupokea kwake Bangwe au Gungu, siku hiyo yeye ndiye mwenyeji wako hata kama alihamia mwezi uliopita. Lakini neno hilo hilo likiwekwa kwenye karatasi linakuwa na meno: nani alitangulia, nani ana shamba, nani ana kaburi la mzee wake hapa. Kijana mmoja akapendekeza "mzawa". Hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu nusu ya waliokuwa wamekaa pale wamezaliwa Kasulu, Uvinza, Buhigwe, Sumbawanga, na mwenyekiti mwenyewe hakuzaliwa mjini. Mwingine akasema tuweke "mkazi", kama wanavyoandika kwenye barua za serikali ya mtaa. Mkazi ni neno baridi, halina baba wala babu. Linauliza tu unalala wapi. Ndiyo maana, nadhani, mwanzoni hakuna aliyelichangamkia. Watu wanaotaka kuzikana hawapendi kuitana wakazi.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa amekaa fundi cherehani wetu. Fundi huyu alitoka ng'ambo kijana, vita vilipochachamaa huko kwao, na amekuwa akishona vitenge barazani kwa watu muda mrefu kiasi kwamba mabinti aliowashonea sare za shule sasa anawashonea watoto wao. Kiswahili chake hakijabadilika. Akasimama, akavua kofia.

"Mimi niko mutu ya hapa," akasema. "Lakini kama katiba inakataa, naweza kukaa inje, nitakuwa nachangia tu."

Hakuna aliyecheka. Bi Mkubwa akamgeukia mwenyekiti: "Mwalimu, sanda ya mama yako nani alikuja usiku kuikata?" Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha machoni, akasema tuandike mkazi. Kifungu kikapita hivi: mwanachama ni mtu yeyote mwenye miaka 18 au zaidi, mkazi wa mtaa, anayekubali masharti ya chama, anayelipa ada na kuhudhuria misiba. Hayo maneno ya mwisho, kuhudhuria misiba, yalitiwa na Bi Mkubwa, na kwa maoni yangu ndiyo kifungu chenyewe. Mengine ni karatasi.

Kikao hicho ndicho kilichonifanya niwe nasikiliza neno moja ambalo Kiswahili kinalipenda mno: mwenzetu. Hebu lichunguze nawe utakapokaa barazani. Mtu akifariki, "mwenzetu ametangulia." Mtu akipata shida, "tumsaidie mwenzetu." Hapo hakuna neno linalomkumbatia mtu kuliko hilo. Halafu msikilize mtu yule yule akizungumzia walioendelea: "Wenzetu Wazungu treni zao hazichelewi." Hao wenzetu si wenzetu hata kidogo, wameitwa hivyo kwa kuwa wako upande wa pili. Mwanamke akimwambia shoga yake "Mwenzangu!", hapo siri inafuata. Akisema "Mwenzetu ana bahati", jua wivu umeingia na huyo mwenzetu ameshatolewa kwenye benchi. Fundi alipokuwa akikata sanda usiku alikuwa "mwenzetu fundi". Alipofanikiwa kununua kiwanja huko Mwandiga, nikasikia, tena kwa mtu anayempenda, "wenzetu hawa wa ng'ambo wana pesa, sijui wanazitoa wapi." Nimejifunza kutega sikio kwenye kineno kinachofuata. "Mwenzetu" likisimama peke yake, mara nyingi ni salama. Likifuatwa na "hawa" au "wale", kuna mtu anasukumwa nje taratibu.

"Ndugu" nalo lina mambo yake. Kizazi cha baba kililipata kutoka TANU. Ahadi ya kwanza ya mwanachama ilisema binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja, na watu wakaitana Ndugu fulani mahali pa Bwana fulani. Siku hizi mtaani kwetu hakuna anayeitana hivyo. Mtu ni Mzee, Mwalimu, Shehe, Mama nani, Baba nani, kaka, dada, shemeji. Ukiitwa "Ndugu mwanachama" kwenye chama chetu, jua ni barua, na barua hiyo inadai ada. Mweka hazina wetu anaipenda sana hiyo "Ndugu". Kuna mama mmoja aliyewahi kumjibu hadharani: "Undugu wenyewe ndiyo huu wa kukumbukana kwenye madeni?"

Daftari letu halina safu ya kabila. Wapo waliotaka iwepo, si kwa ubaya, walisema tujue msiba upelekwe kwa taratibu zipi. Nikawaambia hata serikali iliacha kuuliza. Sensa ya mwisho kuuliza Watanzania makabila yao ilikuwa ya mwaka 1967. Tulichokiweka ni dini, ambayo sensa nayo haiulizi siku hizi, lakini sisi hatuna budi. Mwislamu akifariki alfajiri, adhuhuri au alasiri yuko kaburini, na sanda lazima iwepo. Mkristo anahitaji jeneza, padri au mchungaji, na mara nyingi anangojwa mtoto anayetoka Mwanza kwa basi. Ukikosea hapo umeharibu kazi nzima. Safu ya kabila isingemsaidia mpishi wala mchimba kaburi kitu chochote, labda mtani tu, na watani hawahitaji daftari: msibani wanajitokeza wenyewe, wanalala kwenye njia ya jeneza wakidai walipwe ndipo maiti apite, wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado yanawatoka. Utani ni kundi la ajabu. Unaitwa wa kwetu kwa kutukanwa.

Hapa mpakani yapo pia maneno ambayo si ya barazani, ni ya ofisini, na hayo yanataka uangalifu. Mkimbizi ni mojawapo. Warundi walikimbilia huku kwa wingi mwaka 1972, na wengi wakapelekwa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwao na watoto wao walipewa uraia. Baadaye zikaja kambi nyingine, Nyarugusu huko Kasulu kuanzia 1996, na Nduta Kibondo. Kwa hiyo hapa kwetu mkimbizi ni mtu mwenye kadi, kambi na haki zake kisheria. Lakini ni tusi pia la watoto uwanjani, "toka hapa, mkimbizi we", na wanaotukanwa sana ni watoto wa Kiha kutoka Kibondo na Kakonko, kwa sababu Kiha na Kirundi vinasikilizana na asiyejua hatofautishi. Lipo neno mlowezi. Kwingine linamkumbusha mtu Mzungu mwenye shamba kubwa. Kwenye matangazo ya uhamiaji huku ni mtu aliyeingia miaka mingi iliyopita, akaoa, akalima, na hana karatasi. Na yapo maneno matatu ya sheria ya uraia: kuzaliwa, kurithi, na tajnisi, yaani mgeni kuomba uraia akapewa. Watu wengi wanadhani mtoto akizaliwa hospitali ya hapa basi amekwisha kuwa raia. Sivyo. Ofisi za uhamiaji zinataka angalau mmoja wa wazazi awe raia.

Kwa kuwa nina muhuri wa chama, watu huniendea niwaandikie barua. Fundi alinijia wakati binti yake anatafuta kitambulisho. Mama wa binti ni Muha wa Kasulu, raia, kwa hiyo upande wa sheria haukuwa na utata, ila karatasi za mama zilikuwa zimepotea. Nikaandika ninachokijua: baba wa binti huyu ni mwanachama wetu, amelipa ada zake, amehudhuria misiba. Nikapiga muhuri. Kwenye ofisi moja karani akaisoma mara mbili.

"Mzee, hii inasema ni mwanachama. Mimi nataka kujua kama ni mtu wetu."

"Wa chama chetu ni mtu wetu. Wa kwenu sijui mnapimaje."

Hakupenda, lakini hakunifukuza. Alitaka niandike neno ambalo si langu, na hapo nimekuwa mgumu tangu zamani. Uraia una ofisi yake, uanachama una ofisi yake, na ujirani hauna ofisi kabisa. Ukichanganya maneno hayo kwenye barua moja humsaidii mtu. Unampa karani mwingine sababu ya kuitilia shaka. Jambo la binti lilikwisha alipokwenda Kasulu na mama yake, wakampata mwalimu mkuu wa shule aliyosoma mama, na jina la mama likakutwa kwenye rejesta ya zamani pamoja na la babu yake. Nao walikuwa na daftari.

Siku hizi neno lenye vurugu zaidi huko nje, kama mnavyojua, ni "wananchi". Zamani kila mtu alikuwemo. Yanga wakalichukua, wakajiita Wananchi, na sasa mtendaji wa mtaa akitangaza kwa kipaza sauti "Wananchi mnaombwa kufika kwenye mkutano", vijana wa Simba wanajibu kwamba wao hawakuitwa. Mtendaji naye ni Simba, kwa hiyo hawezi hata kuwalaumu.

Shauri tulilonalo sasa ni la wanachama walioondoka. Tunao walio Dar es Salaam, Mwanza, mmoja yuko Mpanda. Ada wanatuma kwa simu, tena mapema kuliko tulio hapa, na rambirambi zao haziangushi. Katiba inasema mkazi, wao si wakazi. Inasema kuhudhuria misiba, wao wanahudhuria kwa muamala. Mwalimu anasema wabaki, fedha zao zimenunua masufuria na viti. Fundi, ambaye sasa ni mjumbe wa kamati, ndiye anayepinga kwa nguvu kuliko wote. Hoja yake ni kwamba kaburi halichimbwi kwa simu, na kwamba wakiruhusiwa hao, na vijana waliobaki hapa watajifunza kutuma elfu tano na kulala. Bi Mkubwa amependekeza waitwe "wanachama wa mbali", walipe mara moja na nusu, wasipige kura. Wenyewe, kupitia kijana wa Dar anayewasemea, wamekataa neno hilo "wa mbali". Wanasema wao ni wa hapa hapa.

Kikao kiliahirishwa kwa kukosa akidi, kwa sababu wengi wa waliohitajika kupiga kura walikuwa kwenye msiba Kibirizi.